Mwanga wa kupunguza makunyanzi si joto la balbu ya vifaranga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme neno kuhusu "tiba ya infraredi" (mwanga usioonekana kwa jicho, ulio ng'ambo ya mwekundu) inayotangazwa kwa wakazi wa Arusha na Moshi kuwa inafuta makunyanzi ya uso. Chini ya jina hilo moja vinanadiwa vitu vitatu visivyofanana: barakoa na paneli za taa za LED, vibanda vya joto vya kutolea jasho, na balbu nyekundu za wati 250 ambazo mfugaji yeyote wa kuku anazijua. Cha kwanza kina ushahidi, tena kwa makunyanzi madogo tu. Viwili vilivyobaki ni joto, na joto la kila mara linaizeesha ngozi badala ya kuirudisha nyuma.

Tuanze na balbu, maana ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayounguza watu. Ndani yake kuna waya unaowaka kwa joto kali nyuma ya kioo chekundu. Sehemu kubwa ya umeme inaoutumia hutoka kama joto, na ndiyo kazi yake: kumpasha kifaranga asife kwa baridi. Ukiiweka mbele ya uso, maji yaliyomo kwenye ngozi hunywa sehemu kubwa ya nguvu hiyo na kuigeuza joto hapo hapo juu, kabla mwanga wenye faida haujafika kwa kiasi cha maana. Ngozi ikipashwa hivyo mara kwa mara huongeza vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani nyuzi zile zile unazotaka kuziongeza. Wanaokaa karibu na moto kwa miaka hupata madoa ya kahawia yenye umbo la wavu kwenye miguu, na kliniki za ngozi zinayafahamu vizuri. Isitoshe, tone la maji baridi likigusa kioo hicho kikiwa cha moto, balbu inaweza kupasuka. Hapo macho na mashavu yako mbele yake.

Taa ya ngozi yenyewe haitegemei joto. Inatoa mwanga wa mawimbi yaliyochaguliwa, ambayo urefu wake hupimwa kwa nanomita: mwekundu wa nanomita 630 hadi 660, na infraredi iliyo jirani na mwekundu, ya nanomita 830 hadi 850. Elimu hii ilianzia Budapest mwaka 1967, pale Endre Mester alipoona panya walionyolewa wakiota manyoya haraka zaidi baada ya kumulikwa kwa leza dhaifu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwanga huo hunaswa na kimeng'enya kilicho ndani ya mitokondria, yaani vijitambo vya seli vinavyozalisha nguvu, seli ikapata nguvu zaidi, na seli zinazotengeneza kolajeni zikaongeza kazi. Jaribio lililofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014 lilihusisha watu 136. Waliomulikwa walipata huduma mara mbili kwa wiki hadi kufika mara 30, na makunyanzi yao yalipungua na kolajeni ikaongezeka kuliko kwa wale ambao hawakumulikwa. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni hili: taa zilizochanganya mwanga mpana hadi infraredi hazikuzishinda zile za mwanga mwekundu peke yake. Kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa sababu tu ya neno infraredi kwenye boksi.

Kabla ya kutoa pesa, dai namba tatu: nanomita ngapi, miliwati ngapi kwa kila sentimita mraba, na nguvu hiyo imepimwa umbali gani kutoka kwenye taa. Asiyeweza kukujibu hajui anachouza. Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazikusaidii, kwani zinaeleza umeme unaoingia na si mwanga unaofika usoni. Ukishazipata namba, dozi ni hesabu ya darasani: zidisha miliwati kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, unapata jouli kwa sentimita mraba. Paneli yenye miliwati 30 kwa umbali wa sentimita 20, ukikaa mbele yake dakika 10, imekupa jouli 18. Kwa kifaa cha nyumbani tungeanzia 5 na tusivuke 20 katika miezi ya mwanzo. Sogea mbali na nguvu inashuka haraka. Sogea karibu sana na utahisi joto, ambalo ndilo tunaloliepuka.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona wiki mbili zimepita bila mabadiliko, wanaongeza dakika kutoka 10 hadi 40. Seli hazifanyi kazi hivyo. Dozi ndogo huziamsha na dozi kubwa mno huzituliza, hadi faida yote ikapotea. Ngozi nyeusi ina sababu ya ziada ya kutokimbilia: melanini, yaani kinachoipa ngozi weusi wake, hunywa mwanga mwekundu na kuugeuza joto. Majaribio yaliyofanyika Marekani kwa mwanga wa nanomita 633 yaliweka kikomo cha usalama kwenye jouli 320 kwa sentimita mraba kwa ngozi zenye rangi, na 480 kwa ngozi nyeupe. Hizo ni dozi kubwa kuliko za nyumbani, lakini tofauti yake inatosha kutuambia kwamba kijitabu kilichoandikiwa mteja wa Ulaya hakiwezi kufuatwa kama kilivyo na mtu wa Himo au Ngaramtoni.

Baadhi ya mafundi wa sola watakupimia taa kwa mita yao ya jua. Mita hiyo imepangiwa jua, na ikiwekwa mbele ya taa nyekundu husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo usiitegemee kwa dozi. Kwa upande mwingine, usirudishe paneli dukani ukidai nusu ya taa zimekufa. Za nanomita 850 jicho karibu halizioni. Zitazame kupitia kamera ya mbele ya simu, utaziona zinawaka. Angalia pia kibandiko cha umeme. Kifaa kilichotengenezewa volti 110 pekee kitaungua ukikichomeka kwenye volti 230 zetu. Umeme wa mtaani kwako ukipanda na kushuka, tumia kilinda umeme, kwa sababu kinachokufa kwanza mara nyingi ni adapta na si taa.

Matumizi yenyewe hayana mambo mengi. Osha uso kwa sabuni laini, kausha, usipake kitu. Losheni ya jua yenye zinki na poda ya uso hurudisha mwanga nyuma, na mafuta mazito yanaongeza joto. Vaa miwani ya kinga inayoziba kabisa: infraredi huioni, hivyo huwezi kukwepa, na kufumba macho pekee hakutoshi. Mtu mwenye ualbino aongeze uangalifu hapo, kwa kuwa jicho lake hupitisha mwanga mwingi zaidi. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Piga picha siku ya kwanza na kila baada ya wiki nne, dirisha lile lile, saa ile ile, bila kutabasamu. Utakachokiona kikifanikiwa ni mistari myembamba pembeni mwa macho kulainika na ngozi kushika vizuri kidogo. Mikunjo mirefu ya kutoka puani hadi mdomoni, na mashavu yaliyoshuka, hayatarudi kwa taa yoyote.

Tiba hii haimfai kila mtu. Mwenye ugonjwa wa lupasi, mwenye uvimbe au kidonda kisichojulikana usoni, anayetumia doksisaiklini au dawa nyingine inayofanya ngozi idhurike kwa mwanga, na mwenye kifafa ikiwa taa ni ya kumetameta, aanze kwa daktari. Aliyekuwa akipaka mkorogo au krimu zenye steroidi asimulike ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba. Aiache krimu hiyo kwa kusimamiwa na mtaalamu wa ngozi, maana kuiacha ghafla huleta wekundu na vipele vikali.

Na yote hayo ni kazi bure kama mtu anatoka saluni saa sita mchana akiwa uso wazi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya Julai inatudanganya. Miale inayovunja kolajeni inapita hata kwenye kioo cha daladala. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, iliyojaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, ikirudiwa kila saa mbili ukiwa nje, inazuia makunyanzi mengi kuliko taa itakavyoyapunguza. Mwenye pesa ya kimoja tu anunue losheni. Mwenye madoa meusi mashavuni achague ile yenye rangi, iliyo na oksidi za chuma, kwa sababu madoa hayo hukolezwa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana.

Tunaziomba saluni zibandike namba zile tatu ukutani, zifute barakoa na miwani kwa spiriti ya asilimia 70 kila mteja anapoondoka, na ziache kabisa balbu za vifaranga. Mteja akiona doa limekolea au ngozi inawaka zaidi ya saa moja baada ya kumulikwa, asirudi kesho yake kwa dozi nyingine. Asitishe, ajikinge na jua, apake mafuta mepesi yasiyo na manukato, na doa lisipofifia ndani ya wiki mbili aende kliniki ya ngozi akiwa na jina la kifaa na dakika alizokaa.

Wahudumu wa afya ya ngozi,
Moshi