Hitilafu ya mwili na ulemavu si kitu kimoja

Mhariri,

Tunaomba waandishi wenu watenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Hitilafu iko kwenye kiungo chenyewe: lenzi ya jicho imeingia ukungu, neva ya sikio imekufa, mguu umekatwa. Ulemavu huja hitilafu hiyo inapokutana na kizuizi. Ndivyo unavyoeleza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mwenye kiti cha magurudumu akikuta njia ya mteremko mlangoni ataingia. Akikuta ngazi tatu atabaki nje. Miguu ni ileile.

Madhara makubwa tunayaona kwenye macho, kwa sababu kila mwenye shida ya kuona huandikwa "kipofu". Jicho hupimwa kwa ubao wa herufi uliowekwa umbali wa mita 6. Mwenye 6/18 huona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 18. Shirika la Afya Duniani huhesabu upofu kuanzia chini ya 3/60, kwa jicho linaloona vizuri zaidi kati ya mawili. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna uoni hafifu. Mtoto wa kundi hili akishaitwa kipofu, hufundishwa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, wakati angeweza kusoma maandishi makubwa ya pointi 18 au 24, akikaa dawati la mbele, dirisha likiwa nyuma yake ili mwanga usimpige usoni. Wengine walihitaji miwani tu, na hakuna aliyewapima! Ni pale ugonjwa unapoendelea kula uoni ndipo nukta nundu zianze mapema.

Neno "bubu" nalo hutumiwa vibaya. Viziwi wengi koo na ulimi wao ni vizima. Hawasemi kwa mdomo kwa kuwa hawakupata kuyasikia maneno utotoni. Lugha wanayo, Lugha ya Alama. "Kiziwi" lenyewe si tusi, maana wenyewe wamelichagua: chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Na tafadhali msiandike kwamba mtu "anaugua ulemavu". Aliyekatwa mguu miaka kumi iliyopita, kidonda kikapona, hana anachougua.

Walimu wa elimu maalumu,
Morogoro