Barua kwa mdogo wangu: dona ule, na losheni upake

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi uliponionyesha kopo la unga wa pumba, ukaniambia kwamba tangu uanze kuukoroga kwenye uji umeacha kupaka losheni ya jua, nilinyamaza kwa sababu watoto walikuwepo. Leo nakuandikia hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa wapo wengi wenye ualbino wanaoambiwa maneno hayo hayo, kwamba ukila pumba ngozi haitaumizwa tena na jua.

Habari yenyewe ina asili ya kweli. Katika nafaka isiyokobolewa, maharage na kunde, pamoja na nyuzinyuzi, mna asidi ya fitiki, ambayo wanasayansi huiita pia IP6. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliitia katika maji ya kunywa ya panya wasio na manyoya waliokuwa wakimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, ile iliyomo katika mwanga wa jua, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, panya hao walitokwa na uvimbe mchache wa ngozi kuliko wenzao waliokunywa maji matupu. Nilifurahi sana kuyasoma hayo. Lakini hao ni panya, mdogo wangu, si mtu mwenye upungufu wa melanini, ile rangi inayoikinga ngozi na jua, anayeshinda sokoni tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi.

Dona kula, tena ushibe, kwa maana mahindi yakikobolewa hupoteza kiini, na kiini ndicho chenye sehemu kubwa ya asidi hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni lile kopo: fitiki ikizidi hushikamana na madini ya chuma na zinki tumboni, mwili ukashindwa kuyafyonza, nawe ulishaambiwa kwamba damu yako ni pungufu. Mama alipokuwa akiloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji asubuhi, alikuwa akiipunguza fitiki hiyo hiyo.

Losheni ya jua ya KiliSun hutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Ipake kila baada ya saa mbili, shingoni na masikioni pia, na ile kofia pana uivae hata kukiwa na mawingu.

Nyuma ya sikio lako la kushoto niliona kidonda chenye gaga, kadiri ya punje ya mtama, ambacho ulisema kinakauka na kurudi tangu Pasaka. Jumatatu usifungue meza yako. Nitakupitia saa moja asubuhi twende pamoja kliniki ya ngozi.

Kaka yako.