Mjomba, usinunue kabureta kwanza

Shikamoo mjomba. Naandika hapa maana jana simu ilikuwa inakatika kila tukifika pa maana, na najua kuna wajomba wengine wanasumbuka na kitu hiki hiki.

Umesema DX yako, ile Toyota Corolla KE70, ukitoka Mombo kupanda Lushoto inamisi (moto unarukaruka), ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndo iondoke, na fundi kakwambia utafute kabureta nyingine. Usitoe hela mjomba. Mi niliuziwa kabureta hivyo hivyo na gari ikaendelea kumisi, kumbe pointi, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa plagi.

Anza na moto. Fungua distribuita (kile kinachogawa moto kwa plagi) uangalie pointi, kwa injini yako ya 4K mwanya ni milimita 0.45, na kile kidude kinachosuguana na kamu kikilika mwanya unajifunga, moto unachelewa, tambarare huoni kitu ila mlimani gari nzito kama imebeba mawe. Ukishaseti mwanya taimingi (muda wa plagi kupiga moto) iangaliwe upya, hapo mafundi wanapaparukaga sana. Af ule mpira mwembamba unaotoka kabureta kwenda distribuita uchomoe upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo (ufute kwanza!), hewa ikipita bila kukaza basi daiafram, ile ngozi ya ndani inayovutwa na hewa kusogeza moto, imetoboka.

Ndo uje kwenye plagi. Kahawia salama. Nyeupe, mafuta hayatoshi au kuna hewa inapenya kwenye gasketi chini ya kabureta. Zako nahisi ni nyeusi zina masizi makavu, maana gari ilisetiwa huku Dar na huko kwenu ni mita kama 1,400 juu, hewa nyepesi ila jeti (katundu kanakopitisha petroli kwenye kabureta) ni ile ile. Hiyo peke yake haiwezi kuichosha gari hivyo, sasa angalia na choki, kile kibati kinachobana hewa kwenye koo la kabureta injini ikiwa baridi: ikishapata joto kisimame wima, kikiwa kimelala nusu ndo mla petroli wako huyo.

Na ile kusita: zima injini, chungulia koo la kabureta mtu akikanyaga mafuta, lazima uone kimkondo cha petroli kinaruka. Hakuna? Ni pampu ndogo ya mle ndani, inatengenezwa yenyewe, sio kabureta nzima.

Siku ikizima kabisa njiani fungua kifuniko cha tenki, ukisikia fyuuu af ikawaka, tundu la hewa limeziba.

Ikigoma bado nitumie picha ya plagi zote nne, uzipange kwa namba. Na peasi zikiiva usinisahau.