Mdogo wangu, jiandae na wiki ya tatu

Mdogo wangu,

Juzi uliponipigia simu kwa furaha kwamba kitanda cha mtoto kimeshafungwa na begi la hospitali liko tayari mlangoni, nilicheka kimoyomoyo. Si kwa dharau. Nilijiona mimi mwenyewe, nikizunguka nyumba nzima na orodha mkononi kama fundi anayekabidhi kazi. Nilijiandaa kwa siku moja tu, ya kujifungua. Kumbe siku hiyo inapita, na zamu yangu ilikuwa inasubiri watu waondoke.

Kuhusu miezi hii iliyobaki sina mengi. Ukipata ruhusa, mfuate shemeji kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Mimi nilihudhuria 2, na zote niliishia kwenye benchi la nje. Ndiyo maana mke wangu alipoamka usiku kichwa kinamgonga na anaona maruweruwe, nilimpa maji nikamwambia alale. Ilikuwa presha ya mimba. Mama na mtoto walipona, lakini yale masaa niliyoyapoteza hadi leo nikiyakumbuka tumbo linanikata.

Kwa hiyo hili likariri: kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutokwa damu, degedege, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hapo hakuna "tuone asubuhi". Na uwe na namba ya mtu mwenye gari ambaye kweli anapokea simu saa nane usiku. Mjaribu kabla.

Chumba cha kujifungulia, wakikuruhusu, ingia. Kaa upande wa kichwani, mpe mkono, nyamaza. Mimi nilijitia kumfundisha kupumua. Jicho alilonitupia sitalisahau.

Sasa wiki ya tatu. Wageni wameisha, umerudi kazini, na mtoto bado ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Mimi nilijifariji kwamba sina maziwa, basi nikajifunika shuka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nina mikono. Mtoto akilia, amka wewe kwanza: mbadilishe nepi, mpeleke kwa mama yake pamoja na glasi ya maji, akishiba mchukue begani mpaka acheue, kisha umlaze chali. Mama yake anakuwa ameshalala zamani. Nusu saa hizo ukizijumlisha kwa wiki, ndizo zinazomrudisha mtu.

Mtoto akipungua uzito kidogo siku za mwanzo usibabaike. Wengi huurudisha ndani ya wiki 2. Kitovu kiwe kisafi na kikavu, usipake kitu ambacho muuguzi hajakuambia. Joto likifika nyuzi 38 kabla hajatimiza miezi 3, ni hospitali moja kwa moja. Na kilio kikikupanda kichwani, maana kitakupanda, mweke kitandani mwake salama, toka nje uvute pumzi, urudi. Usimtikise hata mara moja. Ubongo wake hauhimili.

Shemeji anaweza kulia bila sababu siku chache baada ya kujifungua. Mara nyingi hupita. Ikivuka wiki 2, halali hata mtoto akilala, hana hamu ya chochote, au anasema mtoto angekuwa heri bila yeye, usimwambie ajikaze na usimwache peke yake. Hiyo ni sonona, ina matibabu, na wewe ndiye wa kumpeleka.

Nawe pia haikuachi kwa sababu wewe ni mwanamume. Kuna kipindi nilikuwa nafika nyumbani nakaa ndani ya gari nimezima injini, siwezi kushuka. Sikumwambia mtu. Wewe ukijikuta hapo, nipigie, hata kama huna la kusema.

Siku ya kwanza sitakuja, mtakuwa na watu wa kutosha. Nitakuja wiki ya tatu, siku mbili, na sitakaa sebuleni kungoja chai. Nionyeshe tu nepi mnaweka wapi.

Kaka yako