Ukija Bagamoyo na watoto

Bagamoyo

Shoga yangu,

Salamu kwako na kwa wanao. Umeuliza utawatembezaje makumbusho hao wawili, wa miaka 4 na 7, bila kuishia kumbeba mmoja na kumkaripia mwingine. Usiwaonyeshe kila kitu. Chagua vitu vitano, uvifanye vitendawili, na dakika 40 zikipita mtoke hata kama chumba kizima kimebaki.

Anzeni Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kilomita kama 5 kusini mwa mji, asubuhi kabla jua halijakolea, maana magofu hayana paa. Tangulia kidogo, chagua kitu, kisha: “Kitendawili!” Wakijibu “Tega!”, wape umbo, jina lifiche: “Shingo ninayo ndefu, kichwa sina, na mwilini nina matundu ya mabakuli.” Waache watafute. Ni nguzo ya kaburi. Vile vishimo vya mviringo vilishika vibakuli vya kaure kutoka China. Wakishindwa wakupe mji, nawe uwe mkali: mdogo akishakupa Tanga, mkubwa atafute mji mwingine. Wakipata, zamu yao kutega, na hapo ndipo penye utamu, kwani hakuna atakayetega kitu asichokitazama sawasawa. Mdogo atataja jibu ndani ya kitendawili chenyewe. Msimcheke, mwulize tu, “Kinafanana na nini nyumbani?”

Usiuruke ukuta. Misikiti ile imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukisogeza uso unaona vijua vidogo vidogo, vyumba vya viumbe wa baharini. Sokota gazeti liwe bomba, kila mtoto achungulie kwa lake. Akitazama ukuta mzima hashiki kitu. Akipewa duara moja, jicho linatulia. Kuweka karatasi juu ya jiwe na kusugua krayoni msifanye pale, lipu ya zamani hubanduka. Wala wasipande makaburi, watu bado wanayaheshimu. Sugueni nyumbani, kwa jiwe la tumbawe lililookotwa kando ya njia: krayoni ivuliwe ganda na kulazwa ubavu, karatasi iwe nyembamba, maana nene haitoi alama.

Mkipumzika, nendeni misheni ya Kikatoliki, penye makumbusho yenyewe. Nje kuna mbuyu uliopandwa 1868, nao una kitendawili chake: “Nimekula chuma na sijashiba.” Shina limemeza mnyororo, kimebaki kipande tu nje. Husimuliwa kuwa ulikuwa wa kumfungia punda, kwa hiyo usiwaambie ni wa watumwa.

Hapohapo nje chezeni upagazi. Msokotee mkubwa kata ya kanga, mtwishe kilo 1 ya mchele, atembee hatua 50 bila kushika. Kisha mwambie wapagazi wa misafara walibeba kama kilo 30, miezi kwa miezi, kutoka bara hadi hapa. Ndani mzigo usiingie, akigeuka tu atagonga kioo. Ndani ni mikono mgongoni, na wewe uchuchumae: vitu vingi vimepangwa kwa kimo cha mtu mzima, na mdogo anaona miguu ya meza tu.

Minyororo ya utumwa isiwe mchezo, wala wasivishwe kwa picha. Kwa mdogo sentensi moja inatosha: “Watu walifungwa kwa hii ili wasirudi kwao, na ilikuwa dhuluma.” Mkubwa atakuuliza zaidi. Mjibu nje, mmekaa, asikimbizwe na vitu vingine vya kutazama.

Beba penseli badala ya kalamu ya wino, maji, na kitafunio cha kula nje. Chooni waende kabla ya kuingia, si katikati ya kitendawili. Jumapili asubuhi misheni kuna ibada, chagueni siku nyingine. Kata usihangaike nayo, kanga ipo hapa kwangu.

Shoga yako