Vipande vitatu, watu wanne, tunagawanaje?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi nisemee hii staili ya migahawa ya Dar, ilianzia huko Masaki na Oysterbay, ikaja Mikocheni na sasa hivi hadi Sinza nimeikuta, ya kuuza visahani vidogo vidogo eti vya kushea. Mnakaa tu, mhudumu anawaambia hapa kwetu mnaoda vitu vingi kila mtu anadokoa, na vinakuja kimoja kimoja kadiri jiko linavyotoa. Sawa, sina ubaya na hilo. Wahispania wana tapas zao, watu wa Lebanon na Uturuki wana meze, na sisi wa pwani kula pamoja nani atufundishe, sinia la pilau harusini mnalizunguka wanne watano linaisha bila ugomvi, futari ndo usiseme kabisa, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, sambusa, vyote katikati ya mkeka na kila mkono unaingia.

Tatizo langu mimi ni hesabu. Menyu imeandika kamba wa kitunguu saumu sh 24,000, basi, imeishia hapo. Wako wangapi haisemi, gramu ngapi haisemi. Sahani inafika ina kamba watatu na mezani tuko wanne! Hapo sasa kila mtu anajifanya ameshiba, aah mimi niko poa nyie kuleni, mmoja anabaki pale kwenye sosi anapoa huku wote tunamtazama, mpaka mhudumu anapokuja kutoa vyombo ndo mwenye njaa kweli anajitoa ufahamu. Mkioda ya pili wanakuwa sita, bado hawagawanyiki kwa wanne, ili ngoma itoke sawa inabidi sahani nne, yaani 96,000 kwa kamba kumi na wawili. Halafu ukisoma chini kabisa ya menyu, maandishi ya sisimizi, bei haijajumuisha VAT. Piga 18% hapo inakuwa 113,280, na kuna wanaoongeza na sevisi chaji juu yake. Kama kodi mnajua tutalipa kwa nini isiwe ndani ya bei tangu mwanzo?

Twende kwenye nyama choma sasa. Unaenda mwenyewe dirishani unachagua mbavu au paja, jamaa anaweka kwenye mizani unaona, kilo moja na nusu, bei ya kilo unaijua, mnasubiri wee mpaka njaa inauma lakini ikija imekatwakatwa na ndizi, kachumbari, limao na pilipili, mnajua mlichonunua. Kuku ni robo, nusu au mzima, mishikaki unahesabu vijiti. Hakuna mtu anakula kwa aibu pale.

Sisemi walete mizani mezani jamani. Waandike tu vipande vinne au gramu 200, na mhudumu akishaona meza ina watu watano aulize, niwaongezee kimoja viwe vitano, bei yake ni kiasi hiki? Kuuza sambusa moja ya ziada ni kazi gani hiyo. Kuna sehemu Kinondoni niliwahi kuoda pweza wa nazi na vichapati, wakaleta vinne bila kuambiwa kwa sababu walituona tuko wanne, na nilirudi tena kwa sababu hiyo tu (pweza mwenyewe alikuwa wa kawaida).

Kuna watakaosema si uende kwa mama ntilie, hujalazimishwa. Naenda, sana tu. Ila ofisini mkiamua kutoka pamoja huchagui wewe, na unaweza kukuta nusu ya oda ni kitimoto, yaani nguruwe, dada wa watu hali, ameambulia mkate na saladi, na bili inagawanywa sawa kwa wote. Hilo kosa letu wenyewe si la mgahawa, tukioda tuulizane kwanza nani hali nini, na kijiko cha kupakulia kisizunguke kila sahani. Na wale wa lipa wewe kwenye lipa namba nitakutumia baadaye, mnajijua.

Wenye migahawa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, leteni pamoja na bili, tusiidai kama tunaomba msaada, mamlaka ya mapato TRA wenyewe wanasema ukiuza toa risiti. Na meza ya watu wanne msituletee uma mbili, kwenye nyama choma mtu analetewa jagi la maji ya moto, beseni na sabuni ananawishwa palepale alipokaa, nyie mnashindwaje kuongeza uma mbili.

Mdau wa msosi,
Tabata, Dar es Salaam