Mcheza chesi nae akimbie

Mhariri salaam, naomba kanafasi kidogo. Mtaani wakiniona nakimbia alfajiri wanacheka, eti chesi si ni kukaa tu kwenye kiti! Sasa kwenye mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi Dubai 2021, gemu ya sita ya bingwa Carlsen na mpinzani wake Nepomniachtchi ilifika muvu 136, karibu masaa 8, na Carlsen mpenda mpira na mazoezi ndo akashinda, mwenzake baada ya hapo akaanza kuboronga vibaya. Karpov nae, bingwa wa dunia wa enzi hizo, mechi ya kutetea taji Moscow 1984 hadi 1985 ilimkondesha kama kilo 10 hivi, kwa kukaa huko huko! Mimi nakimbia nusu saa mara nne kwa wiki, soda nimeacha, mezani ni maji na ndizi tu, siku hizi sisinzii mwishoni. Wanaocheka waje tucheze, ila gemu ndefu, sio za dakika tano.